Fundi Akisema Kesho

Wasomaji wapenzi, wazee wetu walituachia methali mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza zaelekea kugombana. Ya kwanza yasema kwamba subira yavuta heri. Ya pili yajibu kwamba ngoja ngoja yaumiza matumbo. Mtoto akiuliza ipi kati ya hizi ni ya kweli, mzazi hana budi kujibu kwamba zote mbili ni za kweli. Lakini mtoto mwenye akili atauliza tena: basi nitajuaje siku ya kuifuata hii, na siku ya kuifuata ile? Swali hilo si dogo. Lagusa kila nyumba iliyowahi kulipa fedha kwa kazi isiyokwisha, na kila karakana ambamo fundi amewahi kuona mlangoni kivuli cha mtu anayemdai. Leo twataka kulitazama kwa msaada wa shauri moja lililotokea kwetu Sumbawanga. Niliitwa kulisikiliza, nikaenda kama mwamuzi, nikarudi kama mshtakiwa.

Kwa wasomaji wasiopafahamu, mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kusini-magharibi mwa nchi yetu, kadiri ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai baridi yake huuma, hasa usiku. Upande wa mashariki uwanda hukatika kwenye milima ya Lyamba lya Mfipa, na chini yake limelala bonde la Ziwa Rukwa lenye joto. Mvua huanza Novemba na kuishia Aprili. Mavuno yakisha kuingia, fedha kidogo huonekana mikononi mwa wakulima, na masoko huchangamka. Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo wa Ufipa ana miezi mitano au sita tu ya kutafuta riziki ya mwaka mzima. Akiikosa miezi hiyo, ameukosa mwaka.

Mmoja wa wafanyabiashara hao ni jirani yangu. Huzunguka pamoja na mkewe kwenye masoko na minada, Laela, Matai na Namanyere, na pengine huteremka hadi Mtowisa bondeni, wakiuza vitenge, sufuria na ndoo, na kununua maharage. Miaka mingi walisafiri juu ya magari ya watu. Hatimaye walijinyima, wakanunua gari dogo la mizigo lililokwisha kutumika. Ndipo walipoazimia kujengewa juu ya gari hilo bodi yenye kuta za bati na paa. Ndani yake rafu za bidhaa upande mmoja, na upande wa pili kitanda cha kukunja, ili walale humo humo mnadani, wasilipe nyumba ya wageni, wala wasikeshe katika baridi wakilinda mali. Kazi ya namna hiyo haiuzwi dukani. Gari hupimwa lenyewe, na chuma hukatwa na kuchomelewa kwa ajili ya gari hilo tu.

Wakaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma ambaye ni Mkristo mwenzetu, wa jumuiya ndogo ndogo moja nasi. Mtu mwenye mikono ya sifa, mwenye karakana ndogo na vijana wawili wa kumsaidia. Wakapatana shilingi 3,500,000. Mwezi Machi wakatoa shilingi 2,000,000 za kuanzia, na fundi akaahidi kuikabidhi kazi mwisho wa Mei.

Mei ikaisha. Fundi akasema, "Mzee, njoo wiki ijayo." Juni akasema kwamba mabati yamo njiani. Julai akasema kesho. Agosti akasema kesho. Septemba simu yake ikawa haipokelewi, na mama wa nyumba ile alipofika karakanani, wale vijana walimwambia kwamba fundi ametoka sasa hivi. Muda wote huo gari lilisimama pale uani, limefungwa mifupa ya chuma isiyo na ngozi. Wenye gari hawakuweza kulitumia, wala hawakuweza kuliondoa. Walirudi kupanda magari ya watu, wakalipa nauli na nyumba za wageni, na minada mingine hawakufika kabisa. Novemba mvua ikanyesha juu ya vyuma vile vitupu, vikaanza kushika kutu.

Siku ya sala ya jumuiya tuliona jambo lililotuhuzunisha. Wakati wa kutakiana amani, jirani yangu aliwapa mkono wote, akampita fundi kana kwamba pale palikuwa na kiti kitupu. Wazee watatu tukaombwa kuwasikiliza, nami nilikuwa mmoja wao.

Mwenye gari alisema maneno machache. Alisema amelipa, amengoja, amehasirika, naye anataka fedha zake na fidia. Fundi akajibu kwamba hakula fedha za mtu. Bei ya chuma ilipanda baada ya mapatano. Umeme ulikuwa wa kukatika, na mashine ya kuchomelea haiendi kwa maombi. Kijana wake mmoja aliugua muda mrefu. Akamaliza kwa kusema, "Mkristo huvumilia."

Hapa, wasomaji wapenzi, yatupasa kupambanua, maana katika mashauri ya namna hii watu huchanganya mambo mawili ambayo Kanisa limeyatenganisha tangu kale. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alijiuliza kama mtu asiyetimiza ahadi amesema uongo. Alijibu kwamba anayeahidi akiwa na nia ya kweli ya kutenda hakusema uongo saa ile ya kuahidi. Baadaye asipotenda, huonekana si mwaminifu, kwa kuwa ameigeuza nia yake; walakini aweza kuwa na udhuru ikiwa hali ya watu au ya mambo imebadilika kuliko ilivyokuwa siku ya ahadi. Tazama jinsi mwalimu huyo alivyo mpole na mkali pamoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, nayo yafundisha kwamba ahadi zishikwe na mikataba itimizwe kwa uthabiti, kadiri mambo yaliyoahidiwa yalivyo ya haki. Hata sheria ya nchi yetu ya mikataba, ambayo misingi yake ilitoka katika sheria ya India ya mwaka 1872, hutofautisha mapatano ambayo wakati ndio roho yake na yale ambayo wakati si roho yake. Katika yale ya kwanza aliyecheleweshewa aweza kuyavunja mapatano. Katika yale ya pili aweza kudai fidia ya hasara.

Basi fundi wetu alikuwa na udhuru? Kwa sehemu, naam. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa sababu ya umeme uliokatika. Zamani mafundi wa Ufipa walikuwa na udhuru mmoja mkubwa kuliko huo, yaani barabara. Masika malori yalikwama matopeni kati ya Tunduma na Sumbawanga, na pamoja nayo vilikwama vyuma, saruji na misumari ya mji mzima. Leo barabara hiyo ni ya lami, iliyojengwa kwa msaada wa mapatano ambayo nchi yetu ilitiliana na Marekani mwaka 2008, na udhuru ule umekwisha. Lakini katika kazi ya mikono nyudhuru hazikosekani, kwa sababu fundi mdogo hana ghala, wala akiba, wala mtu wa kushika nafasi yake akiugua. Anayempelekea kazi mtu wa namna hiyo amekubali, hata kama hakusema, kushiriki kidogo katika udhaifu wake.

Kwa hiyo kuchelewa si lazima kuwe dhambi. Lakini kesho ile ya Julai, na kesho ile ya Agosti, ni jambo jingine. Fundi alipozitamka hakuwa na mabati, wala hakuwa na fedha ya kuyanunulia. Naye alijua hivyo. Ahadi ya Machi ilikuwa ahadi. Kesho ya Agosti ilikuwa uongo. Bwana wetu alisimulia habari za baba aliyewatuma wanawe wawili shambani. Mmoja alikataa kwa ukali, kisha akajuta, akaenda. Mwingine aliitika kwa heshima, wala hakwenda. Twajua ni yupi aliyetenda mapenzi ya baba. Nathubutu kuongeza kwamba yule aliyekataa alimwachia baba yake nafasi ya kutafuta kibarua mwingine asubuhi ile ile. Yule aliyeitika vizuri alimnyang'anya nafasi hiyo.

Ndicho kiini cha jambo hili. Anayemdanganya mwenzake kwa kesho hamwibii siku moja tu, humwibia uchaguzi. Laiti mwezi wa Juni fundi angalisema, "Ndugu yangu, fedha ya mabati imenipungukia, nami sioni njia kabla ya Oktoba," mwenye gari angaliweza kufunga turubai juu ya ile mifupa na kuondoka. Angaliweza kutafuta mabati mwenyewe, au kukopa, au kukasirika, kisha akasamehe. Yote hayo yangalikuwa mikononi mwake. Lakini aliyeambiwa kesho hafanyi lolote kati ya hayo; hukaa tu. Miezi mitano ya mtu huyo ilikwenda moja moja, kila siku ikiwa imefungwa na neno lile dogo.

Tena pale ambapo ukweli hausemwi, kitu kingine hujaza nafasi yake. Jina la mji wetu hufasiriwa na wengi kuwa "tupa uchawi". Nimesikia kwa masikio yangu, mwezi wa Oktoba, jamaa za mwenye gari wakinong'ona kwamba si bure, lile gari limefungwa na mtu. Na upande wa fundi nao walinong'ona kwamba ugonjwa wa yule kijana haukuja wenyewe. Gari lile halikufungwa na mchawi. Lilifungwa na upungufu wa mabati, na mabati hayakutajwa. Neno moja la kweli lingalitupa uchawi mwingi.

Wazee wa Ufipa walijua kungoja kuliko sisi. Kabla majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo hayajaenea, Wafipa waliyeyusha chuma chao wenyewe katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo mabaki yake bado yaonekana sehemu mbalimbali za uwanda. Tanuru la namna hiyo, lenye kimo cha kadiri ya mita tatu, halikuvuviwa kwa mivukuto. Moto wenyewe uliivuta hewa kwa matundu ya chini. Kisha chuma kilisafishwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe. Hakuna aliyeweza kuuharakisha moto ule. Lakini waliokuwa kazini walilizunguka tanuru, wakauona moshi, wakajua kazi imefika wapi. Kungoja kazi unayoiona ni kazi pia. Kungoja neno usilojua kama ni la kweli ni mateso.

Mpaka hapo niliona hukumu imekwisha kupatikana, nami nilikuwa nimejiandaa kumweleza fundi haya yote kwa sauti ya mzee. Ndipo mwenzetu mmoja, mama mwenye busara, alipomwuliza fundi swali ambalo sisi wengine hatukulifikiria: "Baba, zile shilingi milioni mbili zilikwenda wapi?"

Fundi akatoa daftari, akatusomea. Sehemu ilinunua vyuma vya mifupa ya bodi. Sehemu nyingine, alikiri bila kuulizwa mara ya pili, ilimalizia geti la mteja aliyetangulia, kwa kuwa naye alikuwa amengoja mno. Alitumaini kununua mabati kwa fedha za wale waliokuwa wakimdai si kazi bali yeye akiwadai malipo. Akasoma majina. Mmoja alichukua milango ya nyumba akaacha deni tangu Januari. Mwingine, meza za duka. Kisha akanyamaza, akafunga daftari. Yule mama akamwambia aendelee. Jina lililofuata lilikuwa langu. Nilimwekesha fundi huyo nondo za madirisha kabla ya Pasaka. Zilibaki shilingi 180,000. Alikuja kwangu mara tatu kuziomba. Na mimi, wasomaji wapenzi, mara zote tatu nilimwambia kesho.

Fundi hakusema kwa ubishi. Alisema tu, "Wazee wangu, neno hilo sikulizua mimi. Nimelipokea kwenu."

Sheria ya Musa iliamuru ujira wa mtu maskini ulipwe siku ile ile, jua lisichwe juu yake, kwa kuwa ndio ameuwekea tumaini. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alihesabu kumpunja mfanyakazi ujira wake kuwa kosa kubwa lilialo mbinguni. Sisi husoma maneno hayo tukifikiri habari za matajiri na viwanda. Hatufikiri nondo za madirisha. Lakini fundi mdogo hana tajiri mmoja aliye mkuu wa kumwajiri. Waajiri wake ni sisi sote, kila mmoja kwa kipande chake kidogo, na sisi sote pamoja twaweza kumzuilia ujira bila hata mmoja wetu kujiona mdhalimu. Wala mwenye gari mwenyewe hakukosa sehemu yake. Fundi alitaja kwanza shilingi 4,200,000, naye akambana hata ikashuka hadi 3,500,000, akarudi nyumbani akijisifu. Alipata bei isiyoweza kumaliza kazi. Na fundi naye aliikubali, akamsahau yule mtu wa Injili ambaye kabla ya kujenga mnara yampasa aketi kwanza na kuhesabu gharama.

Je, tuseme basi kwamba kwa kuwa wote wamekosa, hakuna aliyekosa? Hasha! Hiyo ndiyo njia nyepesi ya kuzika haki. Deni langu lilieleza shida ya fundi. Halikuufanya uongo wake kuwa kweli. Mtu aliyedanganywa hana ruhusa ya kumdanganya wa tatu. Fundi aliyebanwa na wadeni wake alikuwa na njia iliyo wazi, nayo ni kusema. Ilikuwa njia ya aibu, ndiyo. Lakini aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko miezi mitano ya kujificha nyuma ya karakana yako mwenyewe.

Na subira je? Fundi alisema Mkristo huvumilia. Mtakatifu Thoma afundisha kwamba subira ndiyo fadhila imlindayo mtu ili huzuni isije ikaiangusha akili yake. Basi subira ni ulinzi wa akili, wala si usingizi wa akili. Anayengoja kwa subira aweza kuuliza, aweza kudai, aweza kuita mashahidi; ila hafanyi hayo kwa chuki. Mwenye gari alikuwa amenyamaza miezi mitano, akadhani ananyamaza kwa subira, kumbe chuki ilikuwa ikichemka chini kwa chini hata ikamwagika saa ya kutakiana amani. Yafaa tufahamu hilo. Mdaiwa hana haki ya kumhubiria mdai wake subira. Subira ni zawadi ya anayengoja. Haiwezi kudaiwa kama kodi na yule anayengojesha. Anayengojesha hudaiwa kwanza ukweli, ndipo hudaiwa kazi.

Sasa tuseme yaliyotendeka. Jioni ile ile nililipa deni langu, na wengine wawili wakalipa katika juma lile. Fundi alimwambia mwenye gari mbele yetu kwamba bodi haiwezi kukamilika kabla ya mwisho wa Januari, naye alilisema huku ameinamisha kichwa. Ajabu ni kwamba neno hilo baya lilimtuliza mwenye gari kuliko kesho zote. Aliamua turubai lifungwe juu ya mifupa, akaliondoa gari, akawahi minada michache ya mwisho wa mwaka. Waliandikiana karatasi yenye tarehe. Fundi akapunguza shilingi 400,000 katika bei kwa ajili ya hasara, maana malipizi ni sehemu ya toba, na radhi isiyorudisha kitu ni maneno. Kazi ilikamilika Februari ya pili, siku chache baada ya tarehe iliyoandikwa; lakini safari hii fundi alikuwa amekwenda mwenyewe nyumbani kwa mwenye gari kumwarifu mapema. Msimu uliopotea haukurudi. Watoto wawili walianza mwaka wa masomo kwa ada ya mkopo. Hatuwezi kulificha hilo.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mafundi wetu hufanya vema kumchagua awe msimamizi wao. Wakumbuke, nasi tukumbuke pamoja nao, kwamba Injili hazikuandika hata neno moja lililotoka kinywani mwa fundi yule. Ziliandika aliyoyatenda: aliamka, akachukua, akaenda, akarudi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alisema kesho.

Shauri letu lilisikilizwa katika siku za kuelekea Majilio, mvua ikipiga bati. Kanisa hutufundisha wakati huo kungoja, nasi twajua kwamba Mungu mwenyewe hutungojesha, na pengine kwa muda mrefu sana. Lakini hatudanganyi. Alipoificha siku na saa, alituambia waziwazi kwamba ameificha. Basi kila baba na kila mama asomaye maneno haya aangalie jioni ya leo ni nani aliyemwambia kesho: fundi, mshona nguo, kibarua wa shamba, au mtoto wake mwenyewe. Ikiwezekana alipe. Isipowezekana, aende kwake kabla ya jua kuchwa, amwambie ukweli.